Sindano Isiyo na Dawa: Historia Fupi ya Sindano Kavu

Kwa wiki tatu bega langu la kulia lilikataa kabisa kukaa mbele ya tarakilishi. Ukiandika programu miaka mingi huku mabega yamepanda hadi karibu na masikio, siku moja mwili hudai deni lake. Maumivu yalianzia begani, yakapanda shingoni, yakatua kwenye panja. Nami nikawa nameza dawa za kichwa tu.

Rafiki akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mama huyo alinibonyeza begani mara moja, nikaruka. "Shida iko hapa, si kichwani," akasema, kisha akafungua pakiti ya sindano nyembamba. Nikatafuta kichupa cha dawa kwa macho, sikukiona.

"Dawa iko wapi, daktari?"

"Hakuna dawa. Hii ni sindano kavu."

Nikamwomba siku mbili nifikirie. Mimi ni mtu wa programu, siingizi kitu kwenye mashine kabla sijajua kimetoka wapi. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanzie London, mwaka wa 1938. Daktari John Kellgren alitaka kujua kwa nini mtu huumia mahali pamoja ilhali tatizo liko pengine. Alidunga maji ya chumvi kali ndani ya misuli ya watu waliojitolea, kisha akachora ramani ya mahali waliposikia maumivu. Ikawa wazi kwamba msuli mmoja unaweza kupeleka maumivu mbali nao. Kwa lugha yetu, ujumbe wa hitilafu unatokea kwenye faili moja, lakini kosa lenyewe limo katika faili nyingine.

Huko Marekani, Dkt. Janet Travell alikuwa akishughulika na wagonjwa wa moyo, akaona wengine wanateswa na mabega. Mwaka wa 1942 yeye na wenzake walichapisha ripoti kuhusu kutibu maumivu ya bega na mkono kwa kudunga prokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, ndani ya msuli. Walilenga fundo gumu ambalo likibonyezwa, maumivu husafiri. Mwaka wa 1955 alianza kumtibu seneta kijana aliyesumbuliwa na mgongo, John F. Kennedy. Kennedy alipoingia Ikulu mwaka wa 1961 alimchukua Travell, akawa mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa Marekani.

Mwenzake wa baadaye, David Simons, ana kisa kitakachowafurahisha wapenda teknolojia. Alikuwa daktari wa jeshi la anga. Mwezi Agosti 1957, wiki chache kabla ya Warusi kurusha Sputnik, alipaa ndani ya chombo kilichoning'inizwa kwenye puto hadi zaidi ya kilomita 30 juu ya ardhi, akakaa hewani zaidi ya saa 30. Mtu huyo ndiye aliyeshirikiana na Travell kuandika kitabu kikubwa cha mafundo ya misuli. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka wa 1983, ya pili 1992.

Lakini bado kulikuwa na swali. Je, kinachoponya ni dawa au ni sindano?

Mwaka wa 1979 daktari Karel Lewit wa Czechoslovakia alichapisha jibu lake katika jarida la Pain. Alipitia mbinu zote za kudunga sehemu zenye maumivu, akaona dawa hutofautiana lakini kitu kimoja hakikosekani: kudungwa kwenyewe. Aliwachoma wagonjwa 241, katika sehemu 312, bila dawa. Katika asilimia 86.8 maumivu yalipungua papo hapo sindano ilipogusa penyewe. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha. Mwaka mmoja baadaye, Dkt. Chan Gunn na wenzake huko Vancouver walichapisha jaribio la wagonjwa 56 wenye maumivu sugu ya mgongo, na safari hii waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliochomwa sindano kavu waliendelea vizuri zaidi.

Kisha mwaka wa 1994 Chang-Zern Hong akapima msuli uleule unaonisumbua mimi, ule wa juu ya bega. Kati ya watu 58, wengine walidungwa dawa ya ganzi, wengine sindano kavu. Waliopata nafuu ni wale ambao msuli wao ulishtuka, dawa iwepo isiwepo. Waliochomwa kavu wote walibaki na uchungu wa sindano saa chache baadaye.

Kama hakuna dawa ya kupitisha, tundu la sindano ni la nini? Wengi wakahamia sindano nyembamba isiyo na tundu, ileile ya akupancha ya Wachina. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka: sindano ni ya nani? Maryland iliwaruhusu wataalamu wa fiziotherapia kuitumia mwaka wa 1984. Majimbo mengine yaliishia mahakamani. North Carolina, Mahakama ya Juu iliamua kwa upande wao mwaka wa 2018. Wanaakupancha huuliza kama mafunzo ya siku chache yanatosha, na swali hilo si la kupuuza: chini ya bega kuna pafu, na sindano iliyokosea njia inaweza kulitoboa.

Je, inafanya kazi kweli? Mapitio ya majaribio 23 mwaka wa 2001 yalikubali kwamba dawa haiongezi kitu, lakini hayakuweza kusema kama sindano inashinda matibabu ya kuigiza. Tafiti za baadaye zimeonyesha nafuu ya muda mfupi, ila nyingi ni ndogo. Ugumu ni huu: utamchomaje mtu sindano ya uongo asijue?

Nilirudi kwa yule mama. Swali langu la kwanza lilikuwa amejifunza wapi na kwa muda gani, akanijibu bila kukasirika. Sindano ikaingia, msuli ukaruka kama samaki, nikapiga kelele. Siku iliyofuata bega liliuma kuliko awali. Siku ya nne kichwa kikawa chepesi.

Je, ni sindano? Wiki hiyohiyo niliinua skrini yangu na nikaacha kufanya kazi usiku. Nimebadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kosa ambalo huwakataza vijana ninaowafundisha kila siku. Lewit aliondoa kitu kimoja tu, dawa, akatazama kilichobaki. Likirudi tena, nami nitabadilisha kimoja kimoja.