Jiwe lililo juu ya lango

Sisi tunaokaa huku Rusizi, lango tunalolijua sana ni lile la mpakani: kizuizi cha chuma, askari, na karatasi yako mkononi. Leo nataka tutazame lango lingine, la bandarini Mombasa, ju lenyewe linasema.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewafanyia kazi Wareno. Wajenzi wa kwao siku zile walikuwa wamerudi kwa Warumi wa kale, waliofundisha kwamba jengo lifuate vipimo vya mwili wa binadamu. Ndiyo maana ukiiona ngome ile kutoka juu ni kama mtu amelala chali, kichwa baharini. Lango lake limejificha kando ya buruji la Mtakatifu Matias. Anayekuja anaonwa kutoka ukutani kabla hajabisha hodi.

Juu ya lango kuna jiwe la 1635. Lakini jiwe hilo huwezi kulielewa bila kumjua Yusuf bin Hasan.

Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na Wareno akakimbilia bara kwa watu walioitwa Wamusungulo. Alitafuta hifadhi, sivyo? Wenyeji wake wakahongwa, wakamuua, 1614. Mtoto Yusuf akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Dom Jerónimo. Wakamrudisha 1626 awe mfalme. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, na Wareno wa mjini wakauawa, pamoja na Wakristo wa hapa hapa waliokataa kuiacha dini. Wengine walikuwa wanawake na watoto. Mimi simfanyi shujaa. Mwaka uliofuata Wareno walileta meli, wakashindwa kuitwaa ngome. Kisha Yusuf mwenyewe akaondoka kwa bahari, na Mombasa hakuitawala tena.

Wareno wakarudi kwenye ngome tupu. Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira akaitengeneza upya, akaongeza chumba cha walinzi pale langoni, halafu akaandikisha jiwe. Linatuambia ana miaka 27. Linataja wafalme aliowatoza kodi, kuta za Pate na Siyu alizozibomoa, wakubwa wa Pemba aliowaua. Hata Wamusungulo aliwaadhibu, wale wale waliolipwa zamani kumuua Hasan! Mwishoni linahesabu vyeo na pensheni alivyopewa kwa kazi hiyo. Ukilisoma mpaka huko chini unaona ni kama barua ya kuomba kazi, ila imechongwa kwenye jiwe.

Yusuf anaitwa mfalme dhalimu tu. Jina hana. Na kwamba kwanza walikuwa wao waliomtawaza, hilo pia halimo.

Waomani waliizingira ngome tangu 1696, wakaingia Desemba 1698. Waingereza wakaifanya gereza, 1895 mpaka 1958, kwa hiyo kwa miaka zaidi ya sitini wafungwa wamepitishwa chini ya sifa za Cabreira, na nadhani wachache sana walikuwa wanajua Kireno. Siku hizi ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watalii wanakata tiketi, wanapita chini ya jiwe, wengi wakitazama simu.