Tasbihi, rozari na musiro: jinsi Cabo Delgado ilivyojituliza

Barabara ya Mueda kwenda Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, huanzia juu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Hupita Sagal, huteremka Diaca, hufika njia panda ya Awasse, kisha hushika njia ya bahari, kwa Wamwani. Ni mwendo wa kilomita mia moja hivi. Wanajeshi wa kila zama wameijua vizuri. Wareno waliweka kambi Diaca wakati wa vita vya ukombozi, na mabomu ya ardhini yaliteketeza magari yao mengi njiani. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, barabara hiyo imerudi kuwa ya hofu. Ndiyo maana jina la Diaca likitajwa magazetini, nyuma yake huja habari za bunduki.

Makala haya yanafuata habari nyingine ya mteremko huo, ya watu walivyozoea kuutunza mwili na kuutuliza moyo siku kwa siku. Ni historia yenye ugomvi mwingi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu karibu kila aliyewahi kutawala au kuhubiri huko alikuwa na neno la kusema juu ya namna watu wanavyokaa kimya, wanavyoomba na wanavyojipaka.

Siku hizi utulivu una soko. Simu inakufundisha kuvuta pumzi, na malipo ni kwa mwezi. Soko hilo lina mizizi Marekani: mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Harvard alitoa kitabu kilichoeleza kwamba mtu akikaa, akarudia neno moja na kuyaacha mawazo yapite, mapigo ya moyo na pumzi hupungua kasi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn akaanzisha kliniki ya aina hiyo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts. Kazi yao ni ya heshima. Ila mzee wa Kimwani angesikiliza maelezo ya Benson hadi mwisho, kisha angeuliza ni kipi kipya.

Tuanze basi na pwani. Mwaka 1897 tarika ya kisufi ya Shadhuliya Yashrutiya ilifika Kisiwa cha Msumbiji kutoka Komoro, alikotoka mwenezi wake mkubwa, Sheikh Muhammad Maarufu wa Moroni (1853–1905). Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikaingia Kadiria, iliyoletwa kutoka Unguja na Sheikh Isa bin Ahmad, khalifa wa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa. Kabla ya hapo elimu ya dini na heshima yake vilishikwa zaidi na masharifu na koo za watawala. Tarika ziliupanua mlango. Waliokuwa watumwa na wana wao waliingia, watu wa bara waliingia, na wanawake waliingia kwa wingi hata baadhi yao wakapewa ukhalifa. Katika nchi ambako ukoo hufuata upande wa mama, hilo halikushangaza sana.

Muridi, mfuasi wa tarika, alipewa uradi, yaani maneno machache ya kurudia kila siku, mara nyingi baada ya alfajiri na baada ya magharibi. Huo aliufanya peke yake, tasbihi mkononi. Dhikiri ilikuwa ya jamaa. Watu husimama duara, bega kwa bega, na sheikh huanza taratibu. Neno hutoka na pumzi, pumzi huingia kimya, neno hurudi. Mwili hufuata, mbele na nyuma au kulia na kushoto. Mwendo hukazwa hadi vifua vinasikika kama msumeno, halafu sheikh hulegeza, hulegeza tena, mpaka panabaki sauti ndogo na jasho. Mtu anayedhani kutafakari ni lazima ukae peke yako chumbani umefumba macho, hajawahi kusimama katika duara hilo.

Si wote waliopendezwa. Kaskazini mwa Msumbiji ubishi mkali ulizuka juu ya mazishi: je, jeneza lisindikizwe kwa dhikiri ya sauti, au watu waende kimya? Makundi mawili yakapata majina, watu wa dikiri na watu wa sukuti, na vijiji vikagawanyika misikiti. Mgeni angeuona ugomvi wa bure. Kwa wenyewe swali lilikuwa zito: mfiwa hutulizwa na sauti ya wenzake, au na ukimya wa wenzake? Mashariki mwa Afrika swali la namna ya kumkumbuka Mungu liliwahi hata kumwaga damu. Sheikh Uways mwenyewe aliuawa Somalia mwaka 1909, na waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdulla Hassan, wa tarika pinzani ya Salihiya.

Sasa tupande juu. Wakati tarika zinaenea, Cabo Delgado ilikuwa mikononi mwa Kampuni ya Nyassa, iliyokodishiwa nchi na Ureno hadi mwaka 1929. Kodi na kazi za shuruti ziliwakimbiza Wamakonde wengi ng'ambo ya Ruvuma, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na Kiswahili cha wengi wao kilipatikana huko. Waliobaki juu walipata wageni wa namna nyingine. Mwaka 1924 mapadri wa shirika la Montfort, wengi wao Waholanzi, walifungua misheni Nangololo. Mwanzilishi wa shirika lao, Louis-Marie de Montfort, Mfaransa aliyefariki mwaka 1716, alikuwa mhubiri wa rozari kabla ya yote, na wanawe waliileta rozari uwandani pamoja na shule na dawa. Rozari haihitaji padri, kanisa wala kitabu. Mama anaweza kuisali jikoni akingoja moto ushike. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa baadaye: Agosti 1964 padri Daniel Boormans wa Nangololo aliuawa, tarehe 25 Septemba chama cha ukombozi, Frelimo, kikaanzisha vita, na miaka kumi iliyofuata uwanda ulikuwa wa mahandaki na ndege za kivita.

Kwa hiyo mteremko wa Diaca uko baina ya nyuzi mbili za shanga. Juu ni rozari yenye makumi matano ya Salamu Maria, chini ni tasbihi ya shanga 33 au 99. Mapadri na masheikh wangekwambia hazifanani hata kidogo, na kwa imani ni kweli. Kwa mapafu ni jambo jingine. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, matokeo ya kuwapima watu 23 wenye afya. Waliposali Salamu Maria kwa Kilatini, na waliporudia mantra ya yoga, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda sambamba nazo. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Watafiti hao hawakuacha kukumbusha kwamba huenda shanga za sala zilifika Ulaya kupitia kwa Waarabu, nao Waarabu walizipata kutoka upande wa India. Kama ni hivyo, rozari ya Nangololo ilizunguka dunia nzima ndipo ikaja kukutana na ndugu yake kwenye barabara ya Mocímboa.

Hiyo ni habari ya moyo na pumzi. Mwili nao una kitabu chake, na ukurasa wa kwanza ni musiro.

Musiro ni mti mdogo ambao wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Hukatwa kipande cha tawi, jiwe hulowanishwa maji kidogo, na kipande husuguliwa juu yake hadi litoke tope jeupe laini. Hupakwa usoni, wakati mwingine mwilini, huachwa likauke, kisha huoshwa. Likikauka ngozi hukaza, na mwenye kujipaka hapendi kuchekeshwa. Wanawake wa Kimwani na Kimakua, kuanzia Nampula hadi mpaka wa Tanzania, wamelitumia kulainisha ngozi, kuondoa madoa na kujikinga na jua. Zamani, kwa masimulizi ya kina mama wa pwani hiyo, musiro ulikuwa pia unasema: uso mweupe ulikuwa wa mwari anayeandaliwa ndoa, au wa mke ambaye mumewe yuko safarini. Leo hakuna anayesoma hivyo. Huvaliwa sokoni, ngomani, na kwenye picha za kuwavutia watalii.

Usidhani ni jambo la Msumbiji pekee. Vuka maji hadi Komoro utakuta msindanu, na Madagaska utakuta masonjoany. Unguja, Pemba na Lamu kuna liwa, mti wa msandali unaosuguliwa vilevile juu ya jiwe, na bibi harusi husuguliwa kwa singo ya liwa, karafuu na mawaridi. Ng'ambo ya bahari, Myanmar, uso hupakwa thanaka. Bahari ya Hindi yote imezungukwa na mawe yenye tope jeupe au la manjano.

Watu wa vipodozi huuza musiro kama dawa ya ngozi, wala hawakosei. Lakini kuna sehemu ya desturi hiyo isiyoingia kwenye kopo. Kusugua kunahitaji muda na kuketi, na kwa kawaida mtu hakufanyi peke yake. Mkono unazunguka juu ya jiwe, mazungumzo yanakwenda polepole, mmoja anampaka mwenzake mgongoni. Kwa maoni yangu huko ndiko kutafakari kwa wanawake wa pwani ambao hawakuwa na nafasi ya kukaa msikitini muda mrefu, na historia za dini haziandiki jambo hilo kwa sababu waandishi wake walikuwa wanaume.

Juu uwandani mwili ulitunzwa kwa kisu. Wamakonde walichanjwa chale za dinembo usoni na kifuani, zikapakwa masizi, na wanawake walivaa ndona kwenye mdomo wa juu. Usafi wa mwili, kukaa na mume, kulea mimba, yote yalifundishwa kwenye unyago. Frelimo ilipoanza kujenga maeneo yaliyokombolewa katika miaka ya 1960, iliwataka vijana waache chale, kwa hoja kwamba taifa moja halitaki alama za makabila. Wengi waliitikia kwa hiari. Vizazi vya baada ya hapo vina nyuso laini.

Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975, na chama kikaenda mbali zaidi. Baada ya mkutano mkuu wa 1977 kilifuata Umarx waziwazi, shule na hospitali za misheni zikiwa zimekwisha kutaifishwa, na unyago, waganga na tarika vyote vikawekwa kapu moja la ushirikina. Kwenye dhikiri shinikizo lilikuja pande mbili kwa pamoja, kwa sababu wakati huohuo vijana waliosoma Uarabuni walirudi wakisema dhikiri ya duara ni uzushi. Serikali ililegeza kamba kuanzia mwaka 1982, lakini mtu aliyekaa nusu kizazi akificha tasbihi mfukoni hawezi kuitoa kwa siku moja.

Halafu ikaja vita ya sasa. Kundi lililojitokeza Mocímboa katika miaka ya 2010 lilianza kwa kugombana na masheikh wa hapohapo na kuingia misikitini na viatu, kabla ya kushika bunduki. Mji ulitekwa Agosti 2020, ukakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Nangololo ilishambuliwa mwishoni mwa 2020 na misheni ikaharibiwa. Katika kilele cha vita watu wapatao milioni moja walikuwa wamekimbia makwao, wa Diaca wakiwamo. Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakitoa huduma ya afya ya akili Pemba, Mueda na Mocímboa, na kazi haipungui.

Dhikiri haimrudishi aliyeuawa, na mtu anayeamka kila usiku akipiga kelele anahitaji mtaalamu, si musiro. Hilo lisemwe bila kuzunguka. Lakini kuna ushahidi kwamba mazoezi madogo ya kila siku husaidia hata kambini. Huko Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafunzo ya kujisaidia katika utafiti wa wanawake 694 wakimbizi wa Sudan Kusini: vikao vitano vya saa mbili, sauti iliyorekodiwa, kupumua, kuziacha fikra zipite, kuwa mpole kwa nafsi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika Lancet Global Health, na miezi mitatu baada ya vikao dhiki ilikuwa imepungua kuliko kwa wenzao ambao hawakufundishwa.

Mafunzo hayo hufanyika kwa kundi, kwa sauti, kwa kurudiarudia na kwa saa maalumu. Cabo Delgado ilikuwa na vyote hivyo tangu zamani. Kwa hiyo mashirika yanayotayarisha kanda za sauti kwa ajili ya waliokimbilia Montepuez, Metuge na Mueda yaanze kwa kuwauliza wenyewe: nani alikuwa akiongoza dhikiri kijijini kwenu, nani aliongoza rozari, na mama yupi alikuwa na jiwe la musiro? Wapewe mahali pa kukutana na saa yao, kabla kanda haijawashwa.