Chuma Huanza Kufa Kwenye Ngozi

Leo siasa tuiache, wasee. Tuongee springi ya lori.

Mwezi uliopita tukitoka Wajir kurudi Tarbaj, lori la abti yangu lilikatika springi. Mzigo ulikuwa wa kawaida, hata shimoni hatukuingia. Tanboi akasema ni husda. Mimi nikaokota kipande. Pale kilipokatika, upande mmoja ulikuwa mweusi wa kutu, mwingine unang'aa kama kijiko kipya. Yaani ufa ulikuwepo kitambo, ukitambaa polepole kutoka juu kuingia ndani. Siku ile ilikuwa mazishi tu.

Somo hili dunia ililipia kwa damu. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyotoka Versailles kurudi Paris ilikatika ekseli, mabehewa yakapandana na kuwaka moto. Walikufa watu zaidi ya 50. Mwaka uliofuata William Rankine, kijana Mskoti wa miaka 20 na kitu, akaeleza kwamba ekseli huanza kupasuka juu, penye kona kali. Baadaye August Wöhler wa reli za Prusia akazijaribu ekseli kwa kuzizungusha tena na tena, mamilioni ya mara. Akathibitisha: mzigo mdogo ukirudiwa sana huvunja chuma kilichobeba mkubwa zaidi mara moja bila shida.

Dawa ilichelewa. Ni kama miaka ya 1930 ndipo kina John Almen wa General Motors, Marekani, walipoanza kuielewa vizuri: piga springi kwa mvua ya punje ndogo za chuma. Ngozi iliyogongwa hivyo hubaki imebanwa, kwa hivyo ufa hupata taabu kufunguka. Springi nyingi za lori hutoka kiwandani zimeshapigwa. (Na msidanganywe na mng'aro: kromu ngumu ina vijiufa vyake, inaweza hata kufupisha maisha ya chuma.)

Sasa yetu. Ilikuwa imechomelewa mwaka jana, ikapitishwa grinda ikawa safi kabisa. Moto uliua ile kazi yote ya kiwandani, grinda ikaacha mikwaruzo. Ufa ulianzia hapo hapo.

Nikamwambia, "Abti, tununue mpya."

"Utalipa wewe?"

Nikanyamaza. Juzi fundi yule yule ameichomelea tena, na Jumatatu lori linabeba wanafunzi wanaorudi shule.