Kahawa, Buni na Hela: Maneno ya Mlimani na Ndugu Zao wa Kiingereza

Katika vihamba vya Kilema, Marangu na Machame mti wa kahawa huota chini ya kivuli cha migomba, na apitaye njiani huweza kudhani kuwa miti hiyo imekaa pamoja tangu zamani za zamani. Sivyo. Mgomba ni mwenyeji wa kale; mbuni ni mgeni wa juzi. Mapadre wa Roho Mtakatifu ndio walioupanda Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na jamii ya kahawa iliyoenea mlimani kutokana na juhudi zao huitwa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion, ambako Wafaransa walipeleka miche ya Yemen mwanzoni mwa karne ya 18.

Mti ukiwa mgeni, jina lake nalo ni geni. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa lugha huona haya. Wasikiapo kwamba kahawa ni neno la Kiarabu na hela ni la Kijerumani, huinamisha vichwa kana kwamba Kiswahili kimeonekana hadharani katika nguo za kuazima. Kisha hukitazama Kiingereza kwa heshima, kama lugha ivaayo nguo iliyojishonea yenyewe. Heshima hiyo haina msingi, na pahali pazuri pa kuipima ni kwenye mizani ya kahawa ya Moshi.

Neno qahwa lilikuwako Arabuni kabla ya kinywaji chenyewe. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu walilieleza kuwa ni moja la majina ya mvinyo, kwa sababu humwondolea mnywaji hamu ya chakula. Katika karne ya 15 masufii wa Yemen walianza kunywa maji ya buni ili wakeshe katika dhikri, na kinywaji cha watu walioukimbia mvinyo kikavikwa jina la mvinyo. Toka hapo jina lilishika njia mbili. Njia ya kaskazini ilipita kwa Waturuki, waliosema kahve. Ikafika kwa Waholanzi, waliosema koffie. Na mnamo 1600 Waingereza walikuwa wakiliandika kwa tahajia nyingi zinazogombana, hata mwisho wakatulia katika “coffee”. W ikawa v, v ikawa f. Njia ya kusini ilikuwa fupi: jahazi, pepo za msimu, na pwani ya Waswahili. Waliolipokea huku walilisikia vinywani mwa Waarabu wenyewe, na walichoongeza ni irabu moja tu kati ya h na w, maana Kiswahili hakipendi konsonanti hizo zigandamane. Mtu akiyaweka maneno hayo mawili mbele ya Mwarabu, hapana shaka ni lipi atakalolitambua kwanza.

Hata jina la nyumba ya kunywea lilipatikana kwa mwendo unaofanana. Kiswahili kiliweka kiambishi mbele kikapata mkahawa. Wafaransa walilitumia jina la kinywaji lilivyo, café, na Waingereza wakalichukua hilo nalo, wengine wao bila hata kuifuta alama iliyo juu ya irabu. London ilipata nyumba yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1652. Mnamo Desemba 1675 mfalme Charles II alitoa amri zifungwe zote, kwa kuchelea maneno yaliyokuwa yakisemwa humo juu ya serikali yake, na kabla amri haijaanza kutumika ikambidi airudishe. Wazee wa baraza za Lamu na Unguja, wenye kumngoja muuza kahawa alize vikombe vyake, wasingeshangaa kusikia habari hiyo.

Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo Kiingereza cha kila siku hakina. Mwingereza husema “coffee” kwa mti, kwa punje, kwa unga na kwa kinywaji. Mswahili hutofautisha: mti ni mbuni (ndege wa jina hilo hana udugu nao), punje ni buni, na kahawa ni ile iliyofika kikombeni. Buni ni bunn ya Waarabu, nayo yaelekea imetoka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, kwa Wahabeshi, ambao misitu yao ni makao ya asili ya mti huo na ambao husema buna mpaka leo. Kiswahili basi kilishika jina la shambani pamoja na jina la mezani. Kiingereza kilishika la mezani peke yake. Ajabu ni kwamba wakulima wa mlimani, waliostahili zaidi jina la shambani, wenyewe hawakuwa wanywaji wakubwa wa kahawa. Kinywaji chao cha heshima ni mbege, ya ndizi na ulezi. Kahawa ilikuwa ya kuuzwa.

Kuiuza hakukuja bure. Walowezi wa Kizungu walipinga Mwafrika kulima kahawa hiyo, wakitaja magonjwa ya miti na wizi wa mavuno; katika nchi jirani ya Kenya Waafrika walizuiwa mpaka miaka ya 1930. Wachagga waliunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU. Zao lililotoka Uhabeshi na kupewa jina Yemen lilikuwa likidaiwa kuwa haki ya watu wa Ulaya peke yao.

Na malipo je? Mkulima hungoja hela. Heller ilikuwa sarafu ndogo ya Wajerumani, iliyoletwa Afrika Mashariki mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja. Nyumbani kwao ilipewa jina kwa mji wa Hall, ulioko Swabia, ambako ilipigwa zamani. Mnunuzi wa ng'ambo huhesabu kwa dola, na katika mnada wa Moshi bei zilikuja kutajwa kwa fedha hiyo. Basi “dollar” ambayo wengi huiona ndiyo Kimarekani halisi haikuzaliwa Marekani. Katika karne ya 16 palikuwa na machimbo ya fedha huko Joachimsthal, mji ulio sasa katika nchi ya Cheki, na sarafu yake ikaitwa Joachimsthaler. Watu wakachoshwa na urefu wa jina, wakabakiza thaler, yaani “ya bondeni”. Waholanzi wakasema daler, Waingereza “dollar”, na Wamarekani wakaichagua kuwa fedha yao mwaka 1785, miaka miwili tu baada ya vita vyao na Uingereza kwisha rasmi. Hela na dola ni sarafu mbili zilizoitwa kwa miji ya nchi za Kijerumani. Tena thaler ya Maria Theresa, yenye tarehe ya 1780 hata ilipopigwa miaka mia baadaye, ndiyo iliyonunulia kahawa ya Yemen, na ikazunguka Unguja pia. Kahawa na dola zilikwisha kukutana kabla mbuni wa kwanza haujapandwa Kilema.

Tofauti ya hela na dola ni moja. Waingereza waliingia Moshi mwezi wa Machi 1916, na mwaka 1921 shilingi ikatangazwa. Sarafu ya heller ikafa kabla ya kutimiza miaka ishirini katika nchi hii. Haiwezi kununua hata kiberiti. Jina lake lilibaki, na msimu ukiisha wakulima wa Kilema na Machame huulizana hela za kahawa zitatoka lini.