Kelele Isiyozimwa kwa Kuongeza Mwanga: Watumiaji Wengi katika Mkongo Mmoja

Biti zinapoharibika kwenye kipokezi, tiba inayokimbiliwa kwanza ni kuongeza nguvu ya mwanga. Kwa mtumiaji mmoja, tiba hiyo mara nyingi hufaa. Makala haya yanadai kwamba haifai pale watumiaji wengi wanapotuma kwa wakati mmoja, kila mmoja akitambulishwa kwa msimbo wake wa spektra, kwa kuwa kelele kuu huzalishwa na watumiaji wenyewe.

Kuna kelele tatu za kutenganishwa. Ya kwanza ni ya joto: huzaliwa katika saketi za kipokezi wala haitegemei mwanga. Ya pili hutokana na fotoni kuwasili bila mpangilio, na variansi yake hukua sambamba na mkondo wa umeme wa kigunduzi. Ya tatu huzuka pale mwanga wa watumiaji tofauti, wenye urefu wa mawimbi uleule, unapokutana kwenye kigunduzi kimoja. Awamu zao hubadilika ovyo, na ukali wa mwanga huyumba. Variansi ya kelele hii hukua kwa mraba wa mkondo.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja, kwani nguvu ya ishara nayo hukua kwa mraba wa mkondo. Mwanga wa wote ukiongezwa mara mbili, uwiano wa ishara kwa kelele ya joto hupanda mara nne, na kwa kelele ya fotoni mara mbili. Kwa kelele ya tatu, uwiano haubadiliki kabisa.

Itapingwa kwamba kipokezi cha vigunduzi viwili, kama kile cha pendekezo la Zaccarin na Kavehrad la mwaka 1993, hufuta mwingiliano wa watumiaji. Ni kweli kwamba tokeo la kigunduzi kimoja likitolewa kwenye la kingine, mchango wa watumiaji wengine hutoweka. Lakini kinachotoweka ni wastani wake tu. Variansi za vigunduzi viwili hujumlishwa.

Dawa imo katika usanifu. Chanzo chenye spektra pana hupunguza kelele ya tatu, ilhali kasi kubwa ya data huiongeza. Misimbo isiyoshirikiana urefu wa mawimbi huiondoa, kwa gharama ya kumega spektra na kupunguza idadi ya watumiaji. Mitandao ya GPON, inayofikisha faiba majumbani, ilichagua njia nyingine: nyumba hupeana zamu za kutuma, hivyo mwanga wao haukutani kwenye kipokezi.

Kwa hiyo, utafiti unaopima ubora wa mfumo kwa nguvu ya mwanga pekee haujapima kinachouzuia. Watafiti na watathmini wa makala wadai mambo matatu pamoja na kiwango cha makosa: idadi ya watumiaji wanaotuma kwa pamoja, kasi ya kila mmoja, na upana wa spektra ya chanzo.