Kabla ya kununua jenereta, hakikisha inaoana na nyumba yako

Kupotea kwa stima si jambo geni kwetu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa gizani. Anayetaka jenereta ndogo ya kuunganishwa na nyaya za nyumba azingatie haya kabla ya kutoa pesa yake.

Kwanza, aina ya stima. Majumbani mwetu tunatumia volti 240 na hezi 50. Jenereta iliyotengenezewa soko la Marekani huwa ya hezi 60, na mara nyingi soketi zake ni za volti 120. Hiyo iache. Vilevile, kama nyumba yako ni ya fezi moja, usinunue ya fezi tatu.

Pili, piga hesabu. Tuseme friji ni wati 150, pampu ya maji 750, feni tatu 210, taa 60 na televisheni 100. Jumla ni 1,270. Lakini pampu ikianza kuzunguka huweza kuvuta mara tatu ya kiwango chake, kwa hivyo ongeza 1,500: utapata 2,770. Tafuta jenereta inayotoa wati 3,000 mfululizo. Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Hiyo huwa ni ya muda mfupi tu. Ikiwa imeandikwa kVA, zidisha kwa 0.8: kVA 3.5 ni kama wati 2,800 pekee, haitoshi. Pasi na birika la stima viweke kando.

Tatu, soketi. Soketi ya kawaida ya ampea 13 hubeba kama wati 3,100, yaani utakuwa ukingoni. Chagua jenereta yenye soketi ya mviringo ya ampea 16 au 32, inayolingana na ile atakayoifunga fundi ukutani.

Nne, na hili ndilo kubwa: lazima pawe na swichi ya kubadilishia, inayokata laini ya Kenya Power kabla ya kuingiza jenereta. Wako wanaochomeka waya wenye plagi mbili kwenye soketi ya ukutani. Stima hiyo hurudi hadi kwenye transfoma, ikapandishwa kufikia volti 11,000, na fundi aliye juu ya nguzo akidhani laini imekufa, akafa yeye. Mtafute fundi mwenye leseni ya EPRA, na akague pia waya wa ardhi.

Mwisho, jenereta ikae nje, mbali na madirisha. Usiiwashe jikoni, barazani wala kwenye ngazi za ghorofa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Ifunike isipate chumvi ya bahari, na uiwashe kidogo kila mwezi.

Tahadhari kabla ya hatari.