Uzi wa Besi na Uzi wa Gumba

Mjukuu wangu anayesoma Uingereza aliniletea picha ya banjo aliyoiona katika duka la vitu vya kale. Kwa mtazamaji wa haraka ni banjo kama banjo nyingine: ngozi iliyowambwa juu ya pete ya mbao, shingo ndefu, nyuzi. Lakini mwalimu hata akistaafu haachi kuhesabu. Kwenye kichwa cha shingo niliona vigingi vitano, na cha sita kimekaa peke yake ubavuni, katikati ya shingo. Banjo ya nyuzi tano ninayoijua mimi ina vinne kichwani na kimoja ubavuni. Kigingi kilichozidi kilikuwa cha uzi mnene wa besi.

Banjo za namna hiyo hazikuwa mzaha wa fundi mmoja. Katika karne ya 19 mafundi wa Uingereza walitengeneza banjo za nyuzi sita, na hata saba, ili mpigaji aweze kumsindikiza mwimbaji kwa sauti nzito bila kutafuta chombo kingine. Nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo wa mnyama. Ule wa besi ulikuwa wa hariri iliyozungushiwa waya, kwa kuwa utumbo wa kutoa sauti nzito hivyo ungekuwa mnene mno na sauti yake ingefifia. Shingo nayo ikabidi ipanuliwe. Mtindo huo ukapita, banjo ya nyuzi tano ikabaki.

Picha hiyo ilinirudisha darasani. Kabla sijapewa shule ya kuongoza, nilifundisha historia katika chuo cha ualimu. Siku moja, katika somo la utumwa na mambo yaliyovuka bahari pamoja na watumwa, niliwasomea wanachuo maelezo niliyoyanakili kitabuni: kwamba banjo ilitoka Afrika, lakini Mzungu mmoja wa Virginia, Joel Sweeney, ndiye aliyeikamilisha kwa kuongeza ule uzi mfupi unaopigwa kwa kidole gumba. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Mwalimu, aliyesema hivyo aliiona ile ya kwanza?" Nikamjibu kwamba tuendelee, muda ulikuwa mchache. Muda haukuwa mchache hata kidogo. Sikuwa na jibu.

Jibu lipo, nalo linaonekana kwa macho. Huko Carolina Kusini, kati ya mwaka 1785 na 1790 hivi, mmiliki wa watumwa aitwaye John Rose alichora watu weusi wakicheza ngoma. Mmoja wao amepakata banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne, na mmoja wa nyuzi hizo ni mfupi, kigingi chake kikiwa ubavuni mwa shingo. Sweeney alizaliwa mwaka 1810. Tena mwaka 1841 Victor Schoelcher, Mfaransa aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, alichukua kutoka Haiti chombo kiitwacho banza, ambacho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Paris. Nacho kina nyuzi nne, tatu ndefu na mmoja mfupi. Na katika nchi za Gambia na Senegal Wajola wanapiga akonting, kibuyu kilichowambwa ngozi, chenye nyuzi tatu, na ule mfupi hupigwa kwa gumba.

(Nisieleweke vibaya. Wako wenzangu wanaopenda kila chombo kiwe kimetoka kwetu. Banjo ni ya Afrika Magharibi na ya watumwa wa visiwa vya Karibi na Marekani. Zeze la Wagogo ni jamaa wa mbali tu, tena hupigwa kwa upinde.)

Basi Sweeney aliongeza nini? Wataalamu wengi wa siku hizi wanaona kwamba, kama aliongeza uzi wowote, huenda ulikuwa ule mrefu mnene, yaani besi, na hata hilo halijathibitishwa. Lisilo na shaka ni kwamba alijifunza kupiga kwa watu weusi wa kwao, kisha akaipeleka banjo majukwaani, na mwaka 1843 akafika nayo Uingereza. Mafundi wa huko wakaipokea, wakaongeza besi juu ya besi. Uzi mfupi hawakuuondoa. Katika picha niliyo nayo uko palepale, pembeni mwa besi, gumba linapoufikia.

Kinachonikera si jina la Sweeney. Alikuwa mpigaji hodari, na sifa ya hilo apewe. Kinachonikera ni kwamba nilikuwa tayari kuamini kuwa kibuyu kilitoka kwetu na akili ikatoka kwake, nami nikawaandikisha hivyo vijana waliokuwa wakienda kufundisha watoto wa watu.

Yule msichana sasa ni mwalimu mstaafu kama mimi. Nimeiweka picha ndani ya bahasha ya kumpelekea, na kwa kalamu nyekundu nimezungushia duara kile kigingi cha ubavuni.